Optiki imenipa sapu mara mbili: ni umri, ni akili, au ni nini?

Daktari mmoja aliye mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa wa macho, aliyekwama kwenye optiki (somo la mwanga na lenzi) na kupewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nina miaka 37. Nilifanya kazi wilayani miaka minane kabla ya kurudi chuo, na nina watoto wawili wadogo. Optiki imenipa sapu mara mbili. Wenzangu waliomaliza intanishipu juzi tu wanapita bila jasho, ingawa kliniki mimi ndiye wanayenikimbilia wakikwama. Nasoma mpaka saa nane usiku. Ni nini hasa kinachoamua nani afaulu mitihani yetu? Umri, akili ya hesabu, chuo alichotoka mtu, au muda? Na je, mtihani unaokuja niuahirishe?"

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa hizo sapu.

Kabla hatujafika kwenye umri na akili ya hesabu, nijibu wewe kwanza: mara ya mwisho umeshika retinoskopu, kile kitochi cha kupimia miwani, ukampima mgonjwa mwanzo mpaka mwisho, wewe mwenyewe, ukamwandikia miwani, ilikuwa lini? Presha ya jicho najua umepima leo asubuhi. Mtoto wa jicho umeshasaidia kutoa mpaka umechoka kuhesabu. Lakini miwani? Hospitali zetu nyingi, mgonjwa asiyeona mbali anapewa karatasi na kuambiwa "nenda chumba namba nne". Huko anapokelewa na mtaalamu wa optometria, ambaye kusema kweli kazi hiyo anaijua kuliko mimi na wewe. Mgonjwa anarudi na namba zake zimeandikwa vizuri kwenye faili. Wewe unazisoma, unasema sawa, unaita anayefuata. Inapita miaka hivyo hivyo, halafu siku moja unakaa kwenye chumba cha mtihani unaulizwa habari za kazi ambayo kila siku ya Mungu umemkabidhi mtu mwingine.

Nimesahihisha na kusimamia mitihani miaka mingi. Ukiniuliza kitu kimoja kinachowatenganisha wanaopita na wanaokwama, nitakwambia ni mara ngapi mtu amelazimika kukitoa kichwani kile anachokijua, mbele ya mtu au mbele ya karatasi tupu, kabla ya siku yenyewe kufika. Hayo mengine uliyoyataja yana nguvu, lakini nguvu yao kubwa hupitia mlango huo huo. Ndiyo maana kliniki wanakukimbilia na karatasi inakukataa. Glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, unaitoa kichwani mara ishirini kwa siku. Optiki unaitoa mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili ni kwenye chumba cha mtihani.

Waingereza wanalijua tatizo hili kiasi kwamba chuo chao cha kifalme cha madaktari wa macho kimeweka cheti kizima cha kupima miwani, mtihani wa vitendo unaojitegemea, mbali na ule wa sayansi za msingi. Daktari anasimama mbele ya mtu mwenye macho yake na kupima. Huko hakuna wa kumpelekea mgonjwa chumba namba nne.

Mimi mwenyewe ilinikamata. Nilipewa kijana mpole, nikampima vizuri, nikaandika jibu kwa mwandiko wa kupendeza, nikafeli. Sikutoa kwenye hesabu umbali wa kazi, yaani nafasi iliyopo kati yangu na jicho la mgonjwa. Nikasoma kwa hasira miezi mitatu, nikarudi, safari hii nikautoa, na bado jibu likakosea kwa nusu diopta (diopta ndiyo kipimo cha nguvu ya lenzi). Msimamizi mmoja mzee alinihurumia akaniita pembeni. Akaniambia, "Nyoosha mkono." Nikanyoosha. Akacheka. Mimi ni mfupi, mwanangu, na mkono wangu ni mfupi kama mimi.

Hapa twende polepole, maana ndani ya kosa hili dogo optiki nzima inaonekana. Unapopima kwa retinoskopu unapitisha mwanga kwenye mboni, na ule mwako mwekundu unauona ukienda pamoja na mkono wako au kinyume chake. Unaweka lenzi mpaka mwako usiende popote. Lenzi iliyousimamisha inafanya kazi mbili kwa pamoja: inarekebisha jicho la mgonjwa, na inauleta mwanga mpaka hapo ulipokaa wewe. Hiyo kazi ya pili si ya mgonjwa, ni yako, kwa hiyo lazima uitoe. Vitabu vinasema toa 1.50. Kwa nini 1.50? Kwa sababu vitabu vinachukulia umekaa sentimita 67 kutoka kwenye jicho, na moja ukiigawa kwa 0.67 ya mita unapata diopta moja na nusu. Ukikaa sentimita 50, moja kwa 0.50 ni mbili. Mtu anayepimia sentimita 50 na kutoa 1.50, wagonjwa wake wote watatoka na nusu diopta ambayo si yao. Hilo ndilo lililonipata. Nilikuwa nimekariri 1.50 na sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, chukua futikamba ya fundi cherehani ujipime kutoka kwenye jicho lako mpaka pale kiganja chako kinaposhika lenzi. Namba utakayopata ni yako. Iandike kwenye mfuniko wa sanduku la lenzi.

Tuendelee na mgonjwa huyo huyo. Tuseme umekaa sentimita 67, na mwako umesimama kwa +3.50 kwenye meridiani (mstari unaokatiza katikati ya jicho) ya 90, na kwa +2.00 kwenye meridiani ya 180. Toa 1.50 kila upande: unabaki na +2.00 na +0.50. Miwani yake unaweza kuiandika sferi (nguvu iliyo sawa pande zote) +0.50, silinda (nguvu ya upande mmoja tu) +1.50, mhimili (mwelekeo wa hiyo silinda) 180. Au ukaigeuza: jumlisha sferi na silinda upate +2.00, badili alama ya silinda iwe −1.50, zungusha mhimili digrii 90 uwe 90. Ni miwani ile ile. Kwenye karatasi, wanaoanguka huwa wanajua kanuni ya kugeuza, kisha wanaiweka silinda kwenye meridiani ileile yenye nguvu, wakisahau kwamba silinda haina nguvu yoyote kwenye mhimili wake, nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka hapo. Huwezi kulielewa hilo kwa kulitazama kwenye kitabu. Chukua lenzi ya silinda kutoka kwenye sanduku, itazamie fremu ya dirisha, uizungushe. Dakika tano tu, na mistari ya dirisha itakuonyesha kile ambacho madesa yameshindwa kukuonyesha.

Sasa nirudi kwenye uliyoniuliza.

Umri kwanza, kwa kuwa ndio unaokuuma. Sijaona umri wenyewe ukimfelisha mtu. Ninachokiona ni umbali kutoka kwenye fizikia ya kidato cha sita na mwaka wa kwanza wa chuo. Kijana wa miaka 28 ana miaka michache tu tangu aachane na lenzi na vioo. Wewe una karibu ishirini. Kumbukumbu isiyotumika hufifia, na hilo amelipima mtu tangu mwaka 1885, Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus, aliyejikaririsha silabi zisizo na maana na kuhesabu kila baada ya muda amesahau kiasi gani. Habari njema katika kazi yake ni hii: kujifunza tena kitu ulichowahi kukijua huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo wewe huanzi sifuri. Una deni la miezi michache tu ya kufufua, na wenzako hawana. Hilo ni jambo la ratiba.

Kuhusu alama za zamani na chuo alichotoka mtu, nisikudanganye kwamba hazina maana. Marekani wana mtihani wa kila mwaka kwa madaktari wote wanaosomea macho, unaitwa OKAP, una maswali 260. Tafiti za huko zimeonyesha mara kwa mara kwamba waliofanya vizuri kwenye mtihani wa leseni wakiwa wanafunzi wa udaktari huelekea kufanya vizuri kwenye OKAP, na wanaofanya vizuri kwenye OKAP huelekea kupita mtihani wa bodi. Walizitumia sana alama hizo kuchagua nani aingie ubingwa, mpaka Januari 2022 hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ilipoacha kutoa alama na kubaki kupita au kutopita. Lakini jiulize, uhusiano huo unapima nini? Unapima mtu aliyezoea kufanya mitihani ya kuchagua majibu. Aliyeizoea jana ataizoea na kesho. Haukwambii nani atamtoa mtoto wa jicho bila kupasua kifuko cha nyuma ya lenzi ya jicho. Daktari mwenye mkono mtulivu kuliko wote katika darasa letu alikuwa akitetemeka mbele ya karatasi, na mpaka leo nikiwa na ndugu wa kufanyiwa upasuaji ninampeleka kwake.

Halafu kuna wagonjwa tunaowaona na maswali tunayoulizwa, ambavyo havilingani. Kliniki yako imejaa mtoto wa jicho, glakoma iliyochelewa, watoto wenye mzio wanaofikicha macho mpaka konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inabadilika umbo, uvimbe wa juu ya jicho kwa watu wanaoishi na VVU, trakoma kama uliwahi kukaa Dodoma au Manyara. Hayo ukiulizwa utajibu usingizini. Vitabu vinavyotumika karibu kila mahali, vile vya kozi ya msingi na kliniki vya chuo cha madaktari wa macho cha Marekani, vimeandikwa kwa nchi ambako kinachowaleta wazee kliniki ni kuchakaa kwa makula (sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho) na madhara ya kisukari kwenye retina. Mtihani unaulizwa kutoka huko. Basi gawa muda wako kinyume na kliniki yako: kile unachokiona kila siku kisomee kidogo, kile usichokiona kisomee kwa picha, kwa mjadala na kwa maswali. Wengi hufanya kinyume, husoma zaidi kile wanachokipenda, na wanachokipenda ni kile wanachokiona.

Sasa saa nane usiku. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mwaka 2003 watafiti wa Pennsylvania waliwaweka watu wazima wenye afya wiki mbili mfululizo, wengine wakilala kwa muda wa saa nne, wengine sita, wengine nane kila usiku. Wale wa saa sita, baada ya siku 14, umakini wao ulishuka mpaka kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima au zaidi. Na kibaya zaidi, wao wenyewe hawakujua: walijiona wamechoka kidogo tu. Wewe unaingia kitandani saa nane usiku, watoto wanaamka saa kumi na mbili, saa moja na nusu asubuhi uko kwenye raundi ya wodi. Huo ni usingizi wa saa nne. Unaposoma ukiwa hivyo macho yanapita juu ya mistari, mkono unapiga rangi ya njano chini ya maneno, na asubuhi hakuna kilichobaki isipokuwa ile rangi. Halafu unahesabu, "nimesoma saa nne," na matokeo yakitoka unahitimisha kwamba akili ndiyo ndogo.

Kuna jaribio jingine ningependa kila mwanafunzi wangu alijue, la Roediger na Karpicke, mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari mara mbili. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likaandika kwenye karatasi tupu kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja wakawa nyuma, asilimia 42 kwa 56. Sasa unaelewa kwa nini kubukua usiku wa kuamkia mtihani wa wiki kunaonekana kunafanya kazi, na kwa nini mtihani wa mwisho wa mwaka unakuumbua. Kusoma tena kunakupa ile hisia kwamba unakijua. Karatasi tupu inakupa aibu, na ndiyo inayofundisha.

Kwa hali yako, mama wa watoto wawili, saa moja ya maswali kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili alfajiri, umelala saa nne usiku, itakufaa kuliko hizo saa nne za usiku. Maswali ishirini, kitabu kimefungwa. Lile ulilokosa liandike upya kwa maneno yako, ulirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mitihani ya nyuma itafute kwa wakubwa zako. Lakini ifanye ukiwa na saa mkononi, usiisome pamoja na majibu yake kama gazeti. Na wale vijana wanaopita bila jasho, watazame vizuri. Wana kikundi. Wanakaa watu wanne kantini wanaulizana na kuchekana. Wewe unasoma peke yako nyumbani kwa sababu unawaonea haya kwa umri wako. Nenda ukae nao. Uwape uzoefu wa kliniki, wakupe optiki. Hawatakuona mzee, watakuona faida.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini litakukuta ni mtihani wa mdomo. Sisi tunamsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili siku nzima. "Daktari, naona kama utando." "Jicho linawasha kama lina mchanga." Kisha tunajibu mitihani kwa Kiingereza, mbele ya watu wawili wenye suti, mmoja wao pengine ametoka Nairobi au Kampala. Kanda yetu sasa ina chuo kimoja cha madaktari wa macho wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COECSA, kilichoundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha taasisi mbili zilizokuwepo, na wasimamizi wake wanatoka nchi tofauti. Hawakujui, hawajui kwamba wewe ndiye unayekimbiliwa kliniki. Wanasikia sauti yako tu. Nimemwona mtu akitazama picha ya retina, akaijua papo hapo, akataja jina la ugonjwa, akanyamaza. Msimamizi akauliza, "Umeona nini?" Akarudia jina la ugonjwa. Alama zilikuwa kwenye kueleza: jicho gani, ukingo wa diski (pale neva ya jicho inapoanzia) ukoje, mishipa ikoje, makula ina nini, pembeni kuna nini, ndipo jina. Alijua kila kitu na akatoka na nusu ya alama. Dawa yake ni moja, kusema kwa sauti. Kila asubuhi chagua mgonjwa mmoja, mweleze kwa mdomo kwa dakika mbili mbele ya mwenzako, kwa Kiingereza, kwa mpangilio ule ule kila siku, mpaka mdomo uende wenyewe hata moyo ukidunda.

Kuna mambo ambayo hayamo mikononi mwako, na nisingependa ujilaumu kwayo. Wakati wa Dira ya 2020, mpango wa dunia wa kupambana na upofu unaozuilika, Afrika ililenga kuwa na angalau madaktari wa macho wanne kwa kila watu milioni, na nchi zetu nyingi hazikufika. Mabingwa ni wachache, kwa hiyo wanafunzi wa ubingwa ndio nguvu kazi. Kliniki ikiwa na wagonjwa mia, hakuna wa kukufundisha. Bingwa wako naye yuko thieta. Wengine wanajilipia ada na kufanya kazi za pembeni usiku, na hilo linakula usingizi ule ule tuliouzungumza. Kama kuna jambo moja la kudai kwa idara yenu, mdai nusu siku kwa wiki ya masomo isiyoguswa na zamu. Dai hilo mkilipeleka wote kwa pamoja, kwa barua, mkuu wa idara atalisikia kuliko ukilipeleka wewe peke yako baada ya sapu ya tatu.

Kuahirisha, basi. Fanya hivi. Kesho nenda chumba namba nne kabla kliniki haijafunguliwa, umwamkie mtaalamu wa optometria, umwombe akuachie wagonjwa watatu kwa siku uwapime wewe na yeye akusahihishe. Atakubali, sijawahi kumwona aliyekataa kuombwa na daktari kumfundisha. Fanya hivyo wiki sita, pamoja na yale maswali ya alfajiri. Wiki ya saba, chukua karatasi ya mtihani wa nyuma ambayo hujawahi kuiona, kaa nayo kwa muda wake kamili, umpe mtu mwingine asahihishe. Ukivuka alama ya kupita kwa pointi tano au zaidi, ingia kwenye mtihani hata kama tumbo linakuuma. Ukiwa chini yake kwa kumi, ahirisha bila aibu, mradi tarehe mpya uwe umeiandika na chumba namba nne usikiache. Ukiangukia hapo katikati, niandikie tena, unitajie ni maswali gani ulikosa. Na unitajie na urefu wa mkono wako.